Kumhesabu Mtu na Kumjua Mtu

Katika mkutano wa wainjilisti wa mitaa yetu ya Temeke mwalimu mmoja alisimama akauliza neno lililotunyamazisha sote. Alisema: "Baba Mchungaji, twasikia ya kuwa wenye elimu wameandika mengi juu ya miaka ile ya Korona. Je, wamesema nini juu ya walevi wetu na watoto wetu watumiao unga? Walizidi, ama walipungua?" Hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe nafasi, tukarudi nyumbani na swali lake, nalo halikutuacha kulala.

Basi kijana mmoja wa usharika, asomaye chuo kikuu, akatuchapia makaratasi mengi ya wataalamu. Tuliyasoma jioni nyingi. Mengine tuliyaelewa, mengine kijana yule alitufafanulia kwa uvumilivu mwingi. Leo twataka kuwaeleza tuliyoyaona, maana swali la mwalimu lilitupeleka mahali ambapo hatukukusudia kwenda.

Jambo la kwanza ni wingi wa maandiko hayo. Shirika la Afya Duniani lilitangaze tarehe 11 Machi 2020 ya kuwa ugonjwa ule umekuwa janga la dunia nzima. Na kabla mwaka ule haujaisha wataalamu walikuwa wametoa makala zaidi ya 100,000 juu ya Korona. Sehemu yake ilihusu pombe, tumbaku, bangi na unga. Zile za kwanza hazikuwa uchunguzi hasa, bali maoni: mtu wa elimu ameketi mezani pake, aeleza yale anayoogopa kwamba yatatokea. Baadaye yakaja maulizo yaliyopelekwa kwa njia ya intaneti. Na mwisho, polepole, zikaja hesabu za hospitali na za vifo. Tusiwacheke kwa hilo. Nyumba ikiungua, watu hupiga kelele kwanza, ndipo hutafuta maji.

Walakini kelele nyingine ziliwapoteza watu. Mwezi wa Aprili 2020 madaktari fulani wa Ufaransa walitoa wazo kwamba nikotini iliyomo katika tumbaku huenda ikamkinga mtu na ugonjwa. Lilikuwa wazo tu la kuchunguzwa, lakini lilikimbia duniani kama moto wa nyika, na wavutaji wakalifurahia. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema wazi ya kuwa wavutao tumbaku wakishikwa na Korona huugua vikali kuliko wasiovuta. Na mwaka 2021 jarida moja la Ulaya la matabibu wa mapafu liliitangua makala iliyokuwa imesema kwamba wavutaji hawakupatikana sana na ugonjwa, kwa sababu ilijulikana ya kuwa baadhi ya waandishi wake walificha uhusiano wao na watu wa biashara ya tumbaku. Huko Iran ilikuwa mbaya zaidi: uvumi ulienea ya kwamba pombe huua ugonjwa mwilini, na katika miezi ya kwanza ya 2020 mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli. Wala sisi wa Dar es Salaam tusijione tuna hekima zaidi. Tulipiga nyungu, tukatafuna tangawizi na malimao, na hayo si makosa. Lakini yule jirani aliyekuwa akinywa gongo kila alfajiri, akisema anasafisha koo, sote twamkumbuka.

Sasa, swali la mwalimu: walizidi ama walipungua? Jibu la makaratasi ni kwamba walizidi na tena walipungua. Katika Mei na Juni 2020 watu zaidi ya 50,000, wengi wao wa Ulaya na nchi nyingine zenye mali, walijibu maulizo ya uchunguzi mmoja mkubwa uitwao Global Drug Survey. Wengine walisema wamezidisha pombe, wengine wamepunguza. Waliozoea kunywa katika baa pamoja na rafiki zao walipunguza, maana baa zilifungwa. Waliofungiwa nyumbani na upweke, au na hofu ya kupoteza kazi, wengi wao walizidisha. Ukijumlisha wote na kugawanya, waweza kudhani ya kuwa hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo tulipoanza kushtuka. Uingereza, katika mwaka ule ambao baa zake zilifungwa miezi mingi, kiasi cha pombe yote iliyouzwa hakikubadilika sana, kwa sababu watu walinunua dukani na kunywea nyumbani. Lakini vifo vilivyoletwa na pombe yenyewe, ambavyo mwaka 2019 vilikuwa 7,565, mwaka 2020 vilifika 8,974. Yawezekanaje? Yawezekana kwa kuwa wengi walikunywa kidogo kuliko zamani, na wachache waliokuwa wamekwisha kutekwa na pombe walikunywa zaidi sana, peke yao, mlango umefungwa. Wastani haukuwaona. Nyumba mbili zikiwa katika uwanja mmoja, moja imepika sufuria tele na ya pili imelala na njaa, hesabu ya wastani yasema kila nyumba ilikula nusu sufuria. Hesabu hiyo haikukosea hata kidogo, lakini watoto wa nyumba ya pili bado wanalia.

Serikali nazo hazikufuata njia moja. Afrika Kusini ilikataza kuuza pombe na sigara tangu tarehe 27 Machi 2020. Hospitali zake ziliona upesi ya kuwa majeruhi wa visu na wa magari wamepungua, na pombe ilipofunguliwa walirudi. Kisha ikakatazwa tena, ikafunguliwa tena, hata katikati ya 2021. Lakini watu walinunua mananasi kwa wingi wapate kutengeneza pombe nyumbani. Na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipowauliza wavutaji, karibu tisa katika kila kumi ya waliojibu walisema bado wapata sigara, ila kwa bei ya kuumiza. Uganda ilifunga baa tangu Machi 2020 hata Januari 2022. Kwetu shule zilifungwa tangu Machi hata Juni 2020, lakini baa hazikufungwa kwa nchi nzima, wala nyumba za ibada. Hesabu ya wagonjwa ilitangazwa kwa mara ya mwisho mwishoni mwa Aprili 2020, ilipofika watu 480. Tangu hapo haikutangazwa tena hata mwaka 2021. Hatuyaandiki haya tupate kumlaumu mtu, kwani wakati ule kila nchi ilipapasa gizani kwa namna yake. Twayaandika ili msomaji afahamu kwa nini mtafiti aliyeketi mbali, akitafuta habari za Mbagala, Tandika, Manzese au Mwananyamala, aliona karatasi tupu.

Tena hata angeuliza, angemuuliza nani? Maulizo yalipita katika simu. Yalimfikia mtu mwenye simu nzuri, mwenye fedha ya kununua bando, ajuaye kusoma, na mwenye moyo wa kukaa robo saa akijibu. Yule alalaye chini ya kibanda cha soko, aliyekwisha kuiuza simu yake apate kete moja, hakuulizwa. Na kwa kuwa hakuulizwa, hakuandikwa. Na kwa kuwa hakuandikwa, mtu asomaye makaratasi yale baada ya miaka hamsini ataweza kudhani ya kuwa hakuwako.

Haikuwa hivi siku zote. Karibu na mwaka 2000 unga mweupe wa heroini ulienea katika mji wetu, nao uliyeyuka kwa maji upesi, hata vijana wakaanza kujidunga kwa sindano. Wachunguzi wa siku zile, kama Sheryl McCurdy wa Marekani na Gad Kilonzo wa Muhimbili pamoja na wenzao, hawakupeleka maulizo kwa simu. Kazi yao ilifanyika katika maskani na mageto, kwa kukaa na vijana na kusikiliza. Ndivyo ilivyojulikana mwaka 2005 desturi moja ya kutisha: mtu akiisha kujidunga huivuta damu yake mwenyewe katika bomba la sindano, akampa mwenzake asiye na fedha, naye akajidunga damu ile, akiamini kwamba unga umo ndani yake. Waliofanya hivyo walikuwa hasa wanawake maskini, na mtu aweza kuona ya kuwa kwao lilikuwa tendo la huruma, ijapokuwa lilibeba mauti. Ni maulizo gani ya intaneti yangaligundua jambo hili? Aulizaye asingalijua kuliuliza.

Elimu ile iliyopatikana kwa miguu ilizaa matunda. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya dawa iitwayo methadoni, ambayo huondoa yale maumivu vijana wayaitayo arosto, mtu apate kuishi bila sindano. Ulikuwa mpango wa kwanza wa serikali wa namna hiyo katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Mwaka 2012 ikafunguliwa kliniki ya Mwananyamala huko Kinondoni, na mwaka 2014 ya Temeke. Desturi yake ilikuwa hivi: mgonjwa huja kila siku asubuhi, huitwa, hupewa kipimo chake katika kikombe, naye hunywa mbele ya macho ya muuguzi. Kila siku, hata siku za mvua, hata sikukuu.

Fikirini basi maana ya tauni kwa mtu wa namna hiyo. Watu wote waambiwa wasikusanyike, naye hana budi kupanga foleni, la sivyo arosto itamrudisha maskani. Huko Marekani serikali iliona shida hiyo, na Machi 2020 ikaruhusu wagonjwa waliotulia wachukue nyumbani dawa ya siku 28, na wale wasiotulia bado ya siku 14. Wengi waliogopa ya kuwa wataiuza au watakufa kwa kuinywa yote. Wachunguzi walipotazama baadaye, fungu la vifo vya dawa za kulevya lililohusu methadoni halikupanda, ingawa katika nchi ile ile, katika miezi kumi na miwili iliyoishia Aprili 2021, vifo vya dawa za kulevya kwa jumla vilipita 100,000 kwa mara ya kwanza. Ruhusa ile iliyokuwa ya muda ikafanywa sheria ya kudumu mwaka 2024. Katika yote tuliyoyasoma, hili ndilo lililotupendeza kuliko mengine. Watu ambao hakuna aliyewaamini hata kwa shilingi waliaminiwa kwa sababu ya hofu ya ugonjwa, na wengi walistahili kuaminiwa.

Basi tulikuwa tayari kumrudia mwalimu na kumwambia: wataalamu wamewahesabu walio rahisi kuhesabiwa, na walio wetu wamewaacha. Tulikuwa tumekwisha kuandika maneno makali. Tulitaka kusema ya kuwa hesabu ni kitu baridi, wala mtu hapendwi kwa hesabu. Tulitaka hata kutaja habari ya Mfalme Daudi, aliyemtuma Yoabu kuwahesabu watu, na baada ya hesabu ikaja tauni. Twadhani hakuna mfano uliokaribia zaidi.

Lakini tulipouangalia mfano ule kwa makini, haukukubali kutumika hivyo. Musa naye aliwahesabu watu jangwani, wala hakupata lawama. Na yule mchungaji wa kondoo mia, alijuaje ya kuwa mmoja amepotea? Alijua kwa kuwa aliwahesabu jioni. Kama asingalihesabu, angalilala usingizi mzuri, na kundi likaonekana zuri vile vile. Kwa hiyo hesabu si adui ya upendo. Daudi alihesabu apate kujua nguvu zake. Mchungaji yule alihesabu apate kujua ni nani asiyekuwapo. Tofauti, kama tunavyoona sisi, imo katika lile analofanya mtu akiisha kupata jumla. Mmoja hufunga kitabu, mwingine hutwaa fimbo yake na kutoka.

Tukiwa katika mawazo hayo, tulikifungua kitabu cha washarika wetu wenyewe.

Twaandika haya kwa haya. Mwaka ule wa 2020 tulikuwa na kijana mmoja aliyeketi daima katika benchi la nyuma. Zamani alijidunga, na wakati ule alikuwa akinywa dawa Temeke. Alikuwa amekonda, na nguo zake zilisema habari zake kabla hajafungua kinywa. Jumapili moja, ndoo za maji zimewekwa mlangoni na watu wameogopa, alikohoa wakati wa sala. Mzee wa kanisa alimwendea, akamnong'oneza kwamba afadhali akae nje. Kijana akatoka. Dakika chache baadaye mtu mwingine, mwenye heshima zake, alikohoa katika kiti cha mbele, naye akaletewa maji ya kunywa. Sisi tulikuwa mbele, tuliyaona yote mawili, tukaendelea na ibada.

Hakurudi. Mwisho wa mwaka hutupasa kupeleka hesabu: washarika walio hai, waliokufa, waliohama, waliotengwa. Tulipolifikia jina lake tulimuuliza mzee yuko wapi. Mzee alisema hajui, labda amehama. Nasi tukaandika, Amehama. Ndivyo lilivyo katika kitabu kwa mkono wetu, na jumla iliyopelekwa ilikuwa sawasawa, wala hakuna aliyeturudishia karatasi.

Baada ya kuliona neno lile tulikwenda kwa mama yake. Si mbali, ukisimama mlangoni pa kanisa waliona bati la nyumba yake. Alitukaribisha, akatupa kiti, akasema: "Baba Mchungaji, nani amewaambia kuwa mwanangu amehama? Yumo humu humu. Kila asubuhi anakwenda Temeke kunywa dawa yake, na wauguzi wa kule wanamwita kwa jina. Siku moja alichelewa kwa ajili ya mvua, wakanipigia simu mimi kuuliza yuko wapi."

Hatukuwa na la kusema. Tulikuwa tumejiandaa kuwafundisha watu ya kuwa wataalamu wahesabu nasi twajua. Kumbe wale wenye daftari na kikombe cha kipimo walikuwa wakimhesabu kila siku asubuhi, na kwa kumhesabu wakamjua, nasi wenye kumjua tangu ubatizo tulikuwa tumemwandika mahali asipokuwapo. Mtafiti aliyetumia simu hakuweza kumwona kijana yule, kwa kuwa yu mbali naye kwa maelfu ya maili. Sisi tulikuwa hatua mia mbili.

Kijana alirudi tukiwa bado tumeketi. Alitusalimu, "Shikamoo, Mchungaji," akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tulimweleza habari ya kitabu, wala hatukuficha neno, tukamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole: "Mchungaji, mlijua lini kwamba sipo?"

Tulimjibu ya kuwa siku yenyewe hatuijui, maana haikuandikwa. Akatazama chini kidogo, akasema kwamba yeye anaijua. Ilikuwa Jumapili ya Mitende.